Kuwasha Rangi Juu ya Mawe Meusi

Binti yangu Solange ndiye anayeendesha karakana sasa, na ndiye aliyeniambia niandike kabla sijaanza kusahau. Nikamjibu kwamba mimi sisahau kitu. Akaniuliza nimeweka wapi miwani yangu. Kwa hiyo naandika.

Nawaandikia ninyi mnaopanda kuta za mji huu wa Gisenyi kufunga taa za rangi. Mambo ya vyeo siyagusi. Karakana yetu haikuwahi kuwa na vyeo: kulikuwa na aliyepanda ngazi na aliyeshikilia ngazi, na tulibadilishana.

Mimi nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu walikokimbilia, na huko ndiko nilikosomea umeme katika chuo cha ufundi. Tuliporudi Rwanda nilikuwa msichana bado. Mtu wa kwanza kunipa kazi Gisenyi alikuwa patron mmoja, yaani tajiri mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na soko. Alinisikiliza nikijieleza kwa Kiswahili changu cha shuleni, akacheka mpaka akakaa chini.

"We unasema kama redio," akaniambia. "Bon. Redio, unajua kupanda ngazi?"

Nilijua, ila siku hiyo nilikuwa nimevaa sketi. Patron alinyoosha kidole kwenye ovaroli iliyoning'inia msumarini. Ilikuwa ya mwanamume mnene kunizidi mara mbili. Nikajifunga kiunoni kwa kipande cha waya, nikapanda, nikafunga taa juu ya mlango wa duka la vitambaa. Waya ule ndio uliokuwa mkanda wangu wa kwanza wa kazi. Nilipita nao sokoni nikirudi, na wanawake wakaniita Redio kwa miaka mingi, hadi nilipozaa na jina likawa Mama Solange.

Miaka iliyofuata nilikuwa navuta nyaya ndani ya nyumba za watu. Hakuna cha kusimulia hapo. Mtu akiingia nyumbani kwake, akibonyeza swichi na taa ikawaka, hamkumbuki fundi. Taa isipowaka ndipo anapokukumbuka, tena kwa majina yote.

Rangi nilifundishwa na Muzee Faustin. Alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka, mtu wa Goma, ng'ambo ya mpaka. Karakana yake ilikuwa mtaa wa Birere, na mlima Nyiragongo, volkano ya Goma, ulipolipuka mara ya kwanza tangu turudi, ziwa la moto likateremka hadi katikati ya mji, karakana ikabaki chini ya mawe. Akavuka kuja kwetu, akaanza upya kwa bulashi alizoazima. Tulikutana kwa ugomvi. Nilikuwa nafunga taa nyeupe ya mrija juu ya kibao alichokuwa amekimaliza asubuhi hiyo, nikasikia sauti kutoka chini.

"Eh, mama! Hiyo taa yako iko inaua rangi yangu!"

"Naiuaje? Si naimulika?"

"Shuka uangalie muzuri. Mi nalipaka nyekundu. Sasa iko kama nyama ya jana."

Nilishuka. Kweli, nyekundu yake ilikuwa imekuwa rangi ya ini. Tukatafuta balbu ya njano, ya zamani, tukaijaribu, na kibao kikafufuka. Muzee Faustin alinieleza kwamba ukuta una rangi yake kabla hujaumulika, na taa nayo ina rangi yake hata ukiiona nyeupe. Kazi yangu, alisema, ni kuwapatanisha hao wawili. Chuoni nilifundishwa mambo mengi yenye faida, lakini hilo sikulisikia.

Kisha zikaja taa za LED. Za kwanza zilikuwa mikanda ya rangi moja. Halafu zikafika zile zinazobadilika, na kila mwenye baa akazitaka. Mteja wangu wa kwanza alitaka rangi zote, kwa haraka, kwa wakati mmoja. Nikamfungia. Baa ikawa inawaka kama gari la wagonjwa. Muda si mrefu akaniita nizitulize, maana wateja wake walikuwa wanageuza viti na kuupa ukuta mgongo.

Wakati huohuo mabango ya plastiki yalikuwa yameua kazi ya bulashi. Siku moja Muzee Faustin aliingia karakanani kwangu bila kopo la rangi mkononi. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Mi niko mutu ya rangi," akasema, "we uko mutu ya umeme. Donc, tufanye kazi moja."

Ndivyo tulivyoanza kupamba majengo. Yeye alikaa ng'ambo ya barabara akiangalia ukuta saa nzima kabla sijatoboa tundu moja. Wateja walidhani amelala. Kisha alinichorea penseli: hapa taa iangalie juu, hapa iangalie chini, hapa pabaki giza. Mimi nilihesabu umeme, nikavuta nyaya, nikapanga kidhibiti, kile kisanduku kinachoziambia taa ziwe rangi gani na lini. Muzee Faustin alikiita kichwa. "Leta kichwa," alikuwa akisema, "tuone kama kinatusikia."

Hapa niseme machache ya mikono, msije mkajifunza kwa hasara. Vumbi la mji huu si vumbi la kawaida. Mlima ukipumua, upepo unaleta punje nyeusi nyembamba, kali kama msasa. Mwageni maji kwanza juu ya taa ndipo mfute. Mkianza na kitambaa kikavu, kioo cha plastiki kinachubuka na rangi inatoka na ukungu. Waya unaoingia kwenye kisanduku uacheni uning'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondokee hapo. Ukuta wa vioo msiumulike, nuru inapita ndani na kuwasumbua wenye ofisi, mulikeni nguzo. Na buibui wanapenda taa nyeupe kuliko mteja anavyoipenda. Hilo sina dawa yake.

Sasa nifike kwenye kazi ya Nengo.

Bwana Kagabo alikuwa mwanajeshi zamani, mtu aliyekulia Uganda, kisha akageukia biashara. Alijenga hoteli ya ghorofa nne mtaani Nengo, juu kidogo ya barabara ya ziwani, na upande wa mbele wote akaufunika kwa mawe meusi ya volkano. Hayo mawe mnayajua. Nusu ya mji imejengwa nayo. Yanakunywa nuru. Ukiyamulika bluu, unaona giza lenye wazo la bluu. Nilimwambia Bwana Kagabo hivyo, naye akasema kwa Kiswahili chake cha amri, "Mama, nimeita wageni wa ufunguzi. Nataka wakitoka kwenye gari washike mdomo. How, hiyo ni kazi yenu."

Muzee Faustin aliuangalia ukuta ule siku mbili. Akagusa mawe kwa kiganja.

"Unajua hii jiwe ilikuwaga nini?" akaniuliza.

"Jiwe la machimbo."

"Hapana. Kwanza ilikuwa moto. Tuirudishie rangi yake."

Alitaka taa ndogo zifichwe ndani ya nyufa kati ya jiwe na jiwe, ili nyekundu itokee kwenye maungio tu, na mawe yenyewe yabaki meusi. Ianze chini kwenye msingi, polepole, ikipanda, ikipasuka kuwa ya machungwa, hadi ukingo wa paa. Sikuwahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kila taa ilikuwa ndogo kama kifungo cha koti, na kila moja ilitaka anwani yake, yaani namba yake, kwenye kidhibiti. Tuliifanya kwa wiki nyingi, na ilipokamilika nilijua ni kazi bora kuliko zote nilizopata kuzigusa.

Tulifanya jaribio la kwanza jioni, giza lilipoanza kuingia. Mimi nilikuwa nyuma ya jengo kwenye kidhibiti. Muzee Faustin alikuwa mbele, barabarani, macho ukutani. Chini ya hoteli, kando ya njia, wanawake walikuwa wanauza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa, kama kila jioni. Niliwasha.

Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Yebabawe! Moto umefika!" Halafu wote.

Mnaelewa walichokiona. Mlipuko wa pili wa Nyiragongo ulikuwa bado mchanga vichwani mwa watu. Anga yetu ilikuwa nyekundu usiku ule, Goma yote ikamiminika kuvuka mpaka, na hata sisi wa upande huu tulilala nje siku kadhaa kwa sababu ardhi haikuacha kutikisika. Na sasa nyekundu ileile ilikuwa inapanda ndani ya mawe yaleyale, kimya kimya, juu ya vichwa vyao.

Nilikimbilia mbele. Kabla sijafika kona, dijonkteri, ile swichi kuu inayojikata yenyewe, ikaruka. Mvua ya mchana ilikuwa imepenya kwenye kiungo kimoja cha nyaya. Hoteli nzima ikazimika, pamoja na taa za njia. Ninyi mtadhani giza liliwatuliza. Hapana, siku ya mlipuko umeme wa Goma ulikatika vilevile. Beseni za sambaza zilipinduliwa, dereva wa moto, yaani pikipiki, akamwacha abiria wake amesimama, watu wakapanda njia ya kwenda Nyamyumba wakiwa wamebeba watoto.

Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Nilirudisha dijonkteri nikiwa nimekata upande wa ukuta, taa nyeupe za njia zikawaka, na mkuu wa mudugudu, yule kiongozi wa mtaa, akafika akapaza sauti kwamba ni mapambo tu ya hoteli. Wengi walirudi wakicheka na kuokota sambaza zao. Mwanamke mmoja hakurudi. Wenzake walisema ni Furaha, muuza sambaza aliyepanga chumba mkabala na hoteli, na kwamba alikuwa na binti zake wawili.

Nilikodi pikipiki nikamfuata. Nilimkuta kwenye mwinuko wa njia ileile, ameketi kando ya barabara, amewabana mabinti kifuani kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Nilikaa chini karibu naye.

"Dada, ni taa," nikamwambia. "Nimezifunga mimi. Ni taa tu."

"Taa?" Alinigeukia. "We ndiye uliwasha?"

"Ni mimi."

"Siku ile, huyu mukubwa alinipotea mu batu," akasema, akimgusa binti kichwani. "Mukono ilitoka mu mukono. Nilimutafuta mupaka nikamukuta huku kwenu, mu kanisa. Leo nikasema sitamuachilia, hata nikufe." Binti alikuwa akijisugua kifundo cha mkono. Mama yake alikuwa amemshika kwa nguvu hivyo.

Tulirudi pamoja kwa miguu, taratibu.

Asubuhi tulikutana chini ya ukuta: Bwana Kagabo, Muzee Faustin, mkuu wa mudugudu, Furaha na mimi. Bwana Kagabo alikuwa amekasirika lakini alikuwa mtu wa haki. Alimletea Furaha kiti mwenyewe.

"Watazoea," alisema. "Tukiwasha mara tatu, nne, wanazoea."

Furaha hakumtazama. Alimtazama Muzee Faustin, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba wazo ni lake.

"Baba, na we uko mutu ya Goma. Ju ya nini unatufanyia hivi?"

Muzee Faustin alivua kofia. "Mi nalikimbia ule moto mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza ikachukua karakana. Mara ya pili tulikuwa kule Goma ku ndugu zake bibi yangu, nalimubeba, hakuweza kutembea. Kila mara niko naupa mugongo. Sijauangalia hata siku moja. Nataka niuangalie nikiwa nimesimama, nisikimbie."

"We hujauangalia. Mimi niliuangalia," Furaha akajibu. "Nilisimama kule juu nikaangalia nyumba yangu mupaka ikaisha. Sasa unaniletea tena, mupaka ku dirisha yangu?"

Nilikuwa nimefanya kazi na Muzee Faustin miaka mingi, na hilo la kubeba mke wake nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Yule bibi alikuwa amefariki mwaka uliofuata mlipuko. Mimi nilikwenda mazishini, nikabeba maua, sikuuliza kitu.

"Tuweke bluu," Bwana Kagabo akasema mwishoni. "Kama ziwa. Basi."

"Muweke ble," Muzee Faustin akasema, akavaa kofia yake. "Hoteli zote ziko ble." Akaondoka akiniachia penseli zake mkononi.

Ufunguzi ulifanyika kwa taa nyeupe za kawaida. Wageni walisifia supu.

Nilimtafuta Muzee Faustin nyumbani mara kadhaa. Alinikaribisha chai, akazungumzia magoti yake, na kila nilipotaja ukuta alizungumzia magoti zaidi. Nilianza kuzoea kwamba ile kazi imekufa. Nilikuwa na kazi nyingine, za benki na za kanisa, na nilizifanya peke yangu, nikikaa ng'ambo ya barabara kama yeye, bila kuona alichokuwa anakiona.

Furaha ndiye aliyekuja karakanani. Alikuwa na beseni kichwani, akalitua.

"Yule muzee hajarudi?"

"Hajarudi."

"Ni ule Faustin alikuwaga Birere?" Nikamwambia ndiye. Akatikisa kichwa. "Mama yangu alikuwa na kaduka. Kibao yake alichora yeye. Kulikuwa kuku moja, nzuri, kama inataka kutoka mu mubao." Akalisogeza beseni kwa mguu. "Sitaki mutu afukuzwe mu kazi yake ju yangu. Nitaiangalia hiyo ukuta. Lakini ile kisanduku ya taa, kichwa, njo munaita hivyo? Mimi ndiye nitashika."

Safari hii tulijipanga. Mkuu wa mudugudu alipita nyumba kwa nyumba, padre akatangaza kanisani, na Bwana Kagabo akatoa viti vya hoteli vikapangwa barabarani. Tulianza kungali na mwanga wa jioni. Nilikuwa nimepanga kidhibiti kisikilize kompyuta ndogo ya mkononi: kidole kikipanda, rangi inapanda; kidole kikishuka, inashuka; kidole kikitulia, inatulia. Nilimwonyesha Furaha, akajaribu mara mbili kwa taa nyeupe. Mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu. Muzee Faustin alikuja. Sijui nani alimleta, na alisimama upande wa pili wa Furaha bila kunisalimu.

Furaha alisogeza kidole. Chini kabisa, kwenye msingi, nyufa zikapata rangi.

"Hiyo ya kwanza," Muzee Faustin akasema kwa sauti ya chini, akimwambia yeye tu, "ni nyekundu iko karibu ya nyeusi. Nalichanganya sana mupaka nikaipata."

Kidole kikapanda. Mtu nyuma yetu akaanza kulia, mwenziwe akamshika. Ghorofa ya chini ikajaa. Nyekundu ikaingia kati ya mawe ya ghorofa ya kwanza, ikaanza kupasuka kuwa ya machungwa.

"Hapo naliweka kidogo ya zahabu," Muzee Faustin akasema.

"Naiona," Furaha akasema. Alikuwa anapumua kwa mdomo. Rangi ikafika chini ya madirisha ya ghorofa ya pili. Kidole kikasimama.

"Basi. Hapa inatosha."

"Kuna gorofa ingine, na ingine tena," Muzee akasema.

"Najua kuhesabu, Baba."

Nilidhani Muzee ataondoka tena. Hakuondoka. Alikuwa anautazama ule mstari ambapo rangi ilikuwa imekoma, na juu yake mawe meusi matupu. Aliutazama mpaka watu wakaanza kukohoa kwenye viti.

"Ni mara ya kwanza," akasema, "naona inasimama."

Kisha akanigeukia, akaniita Redio, jina ambalo hakuna aliyekuwa amelitumia miaka mingi, akaniambia nifanye kazi. Madirisha yote ya juu ya ule mstari yamulikwe njano ya balbu ya nyumbani. "Kama nyumba iko na batu ndani," alisema. "Bako banakula." Nilipanga hapohapo, nimekaa chini barabarani, kompyuta magotini mwa Furaha kwa sababu hakutaka kuiachia. Hadi leo nyekundu inaishia kwenye mstari ule.

Muzee Faustin haonekani tena ukutani, magoti yamemshinda kweli, lakini anapokea wageni na anapenda kuulizwa maswali ya rangi. Mwendeeni. Furaha bado anauza sambaza palepale, na mabinti zake wamekuwa warefu kumzidi.

Nanyi mtapigiwa simu kutoka Nengo. Kila meneja mpya wa hoteli hupiga, na baadhi ya wageni huwaambia mapokezi kwamba taa nyekundu za ghorofa za juu zimekufa. Nendeni, mkague kila kiungo kama kazi nyingine yoyote, msije mkawa wavivu kwa sababu ya hadithi yangu. Kisha shukeni, mkunje kamba zenu, na mwambieni meneja kwamba ukuta uko sawa.